Siku Kompyuta Yangu Ilipomgandisha Bibi Ukumbini

Nyie, kuna aibu za kupita na kuna aibu za kuhamisha mtu mkoa, na hii yangu ilikuwa ya kuhama kabisa, ila nihamie wapi wakati kamera zangu, taa zangu na wateja wangu wote wako hukuhuku Upare? Nimebaki. Na kwa kuwa Same nzima inaisimulia habari hii kila mtu na chumvi yake (kuna wanaosema nililipua ukumbi, jamani, sikulipua ukumbi, nilikata umeme tu), nimeona bora niiseme mwenyewe niliyekuwepo, tena nikiwa nimelowa mikono mpaka kwenye viwiko.

Naitwa Nakijwa, kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za sherehe, na ofisi yangu ni chumba cha mbele nyumbani kwa bibi yangu mzaa baba, kule juu Myamba, ambako ukungu unaingia dirishani bila hodi na watu wanavaa sweta hata Desemba. Humo chumbani ndimo ilimokuwa kompyuta yangu, si ya kufunika na kubeba kwapani, ni ile ya mezani yenye boksi kubwa, niliyoinunua ikiwa mkononi mwa mtu na nikaipenda kuliko baadhi ya wanaume waliowahi kunichumbia. Ilikuwa na kasoro moja tu, uvivu. Ukiweka video mbili tatu juu ya nyingine inaanza kukwamakwama, picha inaruka, sauti inabaki nyuma, na mimi nina hasira za karibu, nilikuwa naipiga kofi la ubavuni.

Sasa dada yangu Upendo, anayenifuata kwa juu, akapata mchumba, kijana mmoja wa Rombo anaitwa Fredi, na sendofu, sherehe ya kumuaga kwao, ikapangwa ifanyike mjini Same. Upendo ni nesi, yuko mbali, likizo aliyopewa ilikuwa ya kuja kuolewa na kugeuza. Akanipigia simu akasema, "Naki, mimi sitaki makuu. Mapambo wafanye wanavyotaka, chakula wapike wanachotaka. Nataka kitu kimoja, Bibi anibariki mbele za watu kabla sijatoka kwetu." Nikamwelewa, maana Bibi ndiye aliyemlea Upendo tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, mama yetu alipokuwa anaumwa. Lakini Bibi hashuki Same. Magoti yanamsumbua, na joto la huko chini anasema linamtoa roho, na ukimwambia habari ya kubariki kwa simu anakuangalia kama umemtukana. "Simu ni ya kuulizia mvua," anasema.

Nikampa wazo mimi mwenyewe, na hapa ndipo nilipoanza kujichimbia. Nikamwambia, "Bibi, nitakurekodi video, utaonekana ukutani mkubwa kama mlango wa kanisa, kila mtu akuone uso." Akafikiri, akauliza kama na hao wa Rombo watamwona, nikamwambia wote, akasema haya. Akatumia asubuhi nzima kuvaa. Alivua hiki akavaa kile, akarudia cha kwanza, akanituma nimletee kioo, kisha akakaa kwenye kiti barazani, mgongo umenyooka, nyuma yake shamba la tangawizi, akambariki Upendo kwa Kiswahili na kwa Chasu, Kipare chetu, kwa maneno mazito hata mimi niliyeshika kamera nikawa nafuta machozi kwa mkono wa sweta.

Video ile ingetosha ilivyo. Ilikuwa nzuri, mwanga mzuri, sauti safi. Lakini mtu akiitwa mtaalamu na majirani akazoea, haachi kitu kilivyo. Nikaongeza picha za Upendo za utotoni zikipita pembeni. Nikaongeza maua yanayodondoka. Nikaongeza maandishi ya dhahabu yanayometameta, halafu nikataka na kamera zangu mbili za ukumbini ziingie moja kwa moja kwenye skrini hiyohiyo, ili Bibi akiwa anabariki watu wamwone na Upendo akilia. Kompyuta ikakataa kabisa. Maua yakawa yanadondoka moja moja kwa kusitasita, yaani kama yanaogopa kuumia.

Mtu mwenye akili angepunguza maua. Mimi nikaingia mtandaoni nijifunze kuovakloki.

Kwa msiojua, ni hivi: prosesa, ule ubongo wa kompyuta, imewekewa mwendo wake na walioitengeneza, na wewe ukiingia kwenye ule ukurasa wa kizamani unaotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri, unaweza kuiamuru ikimbie zaidi ya hapo. Ile kadi ya picha nayo, GPU, ina programu yake, unasukuma mshale kwenda kulia inaongeza mbio. Bei yake ni joto. Kijana mmoja aliyekuwa anafundisha kwenye video ya wanaoanza alirudia mpaka akanichosha: panda kidogo, pima joto, ifanyishe kazi ngumu, ikistahimili ndipo upande tena kidogo. Mimi nikapanda kidogo, nikapima, joto liko chini kabisa. Nikapanda tena, chini. Nikaona huyu kijana mwoga tu, nikapanda kwa mruko mmoja, nikaongeza na volti, nikasukuma mshale wa GPU karibu na ukingo, na kompyuta ikawa inanguruma vizuri na maua yanadondoka laini mpaka raha. Yule kijana alikuwa bado anaongea, akasema sasa jambo la mwisho na la muhimu kuliko yote ni kuhusu chumba unachotumia, na mimi nikaifunga video yake kwa sababu bando langu lilikuwa linakwisha (ndiyo, Mpare mimi, ubahili wetu mnaujua, chekeni tu).

Bibi aliingia akaketi karibu na meza, akavua kandambili, akasogeza miguu nyuma ya boksi pale feni inapotolea hewa. Akafumba macho kwa raha. "Hili dude lako leo linatoa joto zuri," akasema, "magoti yameanza kulegea." Nikamwambia ni kwa sababu nimeliongezea mbio. Siku zilizofuata akawa anakuja hapo na chai yake kila jioni, anaota moto wa prosesa, na mimi nikawa najisifu kwamba nimefanya kazi moja yenye faida mbili.

Na kwa kiburi hichohicho nikafanya makosa mengine mawili, nayasema haraka nisije nikalia. La kwanza, sikuitoa ile video ikawa faili lake kamili la kuweka kwenye flashi, nikasema ya nini kupoteza muda wakati kompyuta yangu sasa ni mnyama, nitaichezesha humohumo kwenye programu ya kuhariria. La pili, kadi ya kamera niliyomrekodia Bibi niliifuta ili nipate nafasi ya kurekodia sendofu. Kwa hiyo baraka za Bibi zilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya lile boksi.

Siku yenyewe tukashuka na gari la kubeba tangawizi, boksi langu nimelizungushia blanketi nikalipakata. Tulipofika Gonja nikavua sweta. Tulipokuwa tunakata tambarare kuelekea Same nikavua na fulana ya ndani kwa ujanja wa kike, na kufika mjini nikapokewa na vumbi na jua la kuchoma utosi. Ukumbi wenyewe ni mzuri, sikatai, lakini paa ni bati tupu na ilikuwa mchana wa saa nane, humo ndani hewa imesimama, akina mama wanajipepea kwa kadi za mwaliko.

Nikapanga mitambo yangu kwenye meza ya pembeni jirani na meza kuu, mara akaja mpambaji, Mama Zuhura, mwenye duka la vitambaa pale mjini, mwanamke anayejua kazi yake na anayejua kwamba anaijua. Akaliangalia boksi langu jeusi lenye mikwaruzo. "Mdogo wangu, hili nalo ni nini? Ukumbi wangu ni zambarau na krimu."

"Ni kompyuta, Mama Zuhura. Ndiyo itakayoonyesha video."

"Ionyeshe ikiwa imevaa," akasema, na kufumba na kufumbua akaliviringa boksi lote kwa satini ya zambarau, akafunga na uwa kwa mbele, akaunganisha na kitambaa cha meza kuu ili ionekane ni kitu kimoja. Ningeweza kusema hapana. Matundu ya hewa yote yalizibwa, nayaona. Lakini lilipendeza! Nikalipiga na picha.

Sherehe ikaanza, kamera zangu zikawa zinaonyesha watu kwenye skrini, watu wanajiona wanajirekebisha vilemba, nami nimekaa nyuma ya satini nimekunja nne. MC alikuwa mtu wa Moshi, mwenye maneno kama mvua, akifanya utani na sisi Wapare mwanzo mwisho. Ikafika zamu yetu. Akasema, "Sasa tumsikilize Bibi, kutoka mlimani Myamba!" Upendo akasimama, akakunja mikono kifuani. Nikabonyeza.

Bibi akatokea. Mkubwa, ameng'aa, maua yanashuka, ukumbi mzima ukafanya "aaah", na wale wa Rombo wakageuza viti wamwone vizuri. Bibi akasalimia wageni. Akawasifu wakwe. Akashika mkongojo wake, akainamia kamera, akasema, "Upendo, mwanangu uliyelala mgongoni kwangu, mimi bibi yako leo naku—"

Hapo akaganda. Jicho moja limefumba, jingine nusu, mdomo wazi, jino lake lile moja la mbele limejaa skrini, na sauti ikakwama: naku-naku-naku-naku-naku, kwenye spika kubwa za kuchezea muziki.

"Bibi amepigwa rimiksi!" akasema MC, ukumbi ukaangua kicheko. Kisha akaongeza, "Lakini Wapare nyie, hata baraka mnazitoa kwa kupima?" Wale wa Rombo wakagonga meza kwa kucheka. Upendo hakucheka. Alikuwa bado amesimama, mikono iko kifuani, ananiangalia mimi.

Skrini ikawa bluu, ikazima. Nikaiwasha upya, ikaamka, Bibi akasalimia wageni mara ya pili, akafika "naku—" akaganda tena, jicho lilelile. Nikapeleka mkono kwenye boksi juu ya satini nikautoa mbio, maana lilikuwa la moto wa kukaangia chapati. Ndipo nikaelewa kwa mkupuo mmoja. Kule Myamba nilikuwa naipima ndani ya jokofu la Mungu! Mbio zote zile nilizoipa zilikuwa zinapozwa na ukungu, wala si na kafeni kale kadogo, na sasa nimeileta kwenye tanuri, tena nimeivika nguo. Kurudisha mwendo wake wa zamani ingekuwa kazi ya dakika chache tu, lakini mtu aliyechanganyikiwa hafikiri kurudi nyuma. Nikafikiri: ipoe.

Nikaivuta ile satini kwa nguvu zangu zote ili boksi lipumue. Nilishasahau kwamba Mama Zuhura ameiunganisha na meza kuu. Kitambaa kikaja, na glasi zikaja nacho, moja baada ya nyingine, na chupa za soda zikafuata, na ya mwisho ikamwagikia mshenga wa kina Fredi mapajani, mzee wa watu amevaa suti ya rangi ya maziwa. Akainuka akiangalia suruali yake bila kusema neno. Mama Zuhura alisema kwa niaba yake. "Wewe mtoto wewe! Kitambaa changu!"

"Samahani Mzee, shikamoo," nikasema (shikamoo ya nini, nilishampa tangu mlangoni!), huku nakimbilia kwenye pipa la soda. Nikateka barafu kwa mikono, nikaifunga kwenye kitambaa cha kufutia mikono, nikarudi nikaiweka juu ya boksi, nikaishikilia kama mtu anayemkanda mgonjwa. Nyie, barafu kwenye kitu cha moto hivyo hata haikungoja. Ikayeyuka hapohapo, maji yakashuka kwenye matundu ya juu, yakaingia ndani, ndani kukasema "pwa!", kimoshi kikachomoza, na swichi kuu ya ukumbi ikajikata. Muziki kimya. Mapangaboi yakapungua, yakapungua, yakasimama. Watu wote wale, joto lile, na mimi katikati nimelikumbatia boksi linalochuruzika maji.

Baba mdogo, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, mtu wa taratibu sana, akanijia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nakijwa, unayo kwenye flashi?"

"Sina, Baba mdogo."

"Kwenye kamera?"

"Nimefuta."

Akafuta jasho, akasema, "Haya." Ningefurahi angenizaba kibao.

Umeme uliporudishwa akaona aokoe jahazi, akampigia Bibi simu, akaiweka sauti ya nje mbele ya kipaza sauti. Na Bibi, kabla hata hajasalimiwa, akauliza ukumbi mzima ukisikia, "Mmeniona?"

Watu wote wakaniangalia, kisha wakamwangalia Upendo. Sauti ya mzee ilikuwa imejaa furaha ya mtoto aliyevaa kiatu kipya, sasa nani amwambie? Upendo akasogea kwenye kipaza sauti, akasema, "Tumekuona, Bibi. Umependeza sana." Na watu, Mungu awabariki, wakapiga makofi na vigelegele, hata wale wa Rombo, hata mshenga na suruali yake.

"Basi vizuri," akasema Bibi. "Na baraka umezisikia?"

Upendo akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti. "Bibi, niambie tena kidogo."

"Nirudie nini? Nimesema yote humo. Baraka si chumvi ya kuongezaongeza mpaka chakula kiharibike. Zishike hizohizo, na salimia wakwe." Akakata simu.

Uongo wa heshima ukawa umetufungia mlango. Upendo akarudi kukaa, akatabasamu kwa ajili ya wageni, keki ikakatwa, zawadi zikatolewa, na mimi nikajificha nyuma jikoni ninakausha boksi kwa kanga. Alinifuata huko gauni lake amelishika pembeni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Naki, nilikuomba kitu kimoja." Akageuka akaondoka.

Kesho yake asubuhi nikasikia honi nje ya nyumba niliyolala palepale Same. Ni Fredi na gari la kaka yake, ndani kuna Upendo na Baba mdogo, na yule mshenga (amebadilisha suti) aliyesema na yeye anataka kumwona huyo bibi akiwa na macho yake yote mawili wazi. Wameamua kupanda Myamba. Ratiba ya harusi ilikuwa imebana, mtu wa nywele alikuwa anamngoja Upendo, lakini alisema hatoki kwao bila baraka hata kama ataolewa na nywele za kusuka mwenyewe. Mimi nikawekwa nyuma kabisa na boksi langu kwenye blanketi, na njia nzima hakuna aliyenisemesha isipokuwa mshenga, aliyeniuliza kwa upole kama ile mashine inauma.

Tulimkuta Bibi barazani anamenya tangawizi. Alipoona gari linaingia na Upendo anashuka, kisu kilimponyoka. Upendo akakimbia akapiga magoti, "Shikamoo Bibi," na Bibi akasema marahaba, marahaba, marahaba, mikono yake yenye matope ya tangawizi iko usoni kwa Upendo, inapapasa kama anahakikisha. Walikuwa hawajaonana muda mrefu, na mimi kwa ujinga wangu sikuwahi kufikiri kwamba Bibi naye alikuwa na hamu ya kumwona.

"Mmefuata nini huku, na harusi imewashika?" akauliza.

Upendo akajifuta matope shavuni. Wote wakanigeukia mimi niliyesimama na boksi mikononi.

"Tumekuja kukuona, Bibi," akasema Fredi.

Bibi akatuangalia mmoja mmoja, akanifikia mimi, na uso wake ukachanua. "Nakijwa!" akasema. "Kumbe ile video ilikuwa nzuri namna hii! Watu wameiona, wameshindwa kukaa, wamepanda mlima wote huu." Akamgeukia mshenga, akamwambia kwa majivuno, "Huyu mjukuu wangu, mzee, kwa kompyuta hana mpinzani."

Mshenga akakohoa. Baba mdogo akaangalia migomba. Fredi alikuwa ameuma mdomo wa chini mpaka mabega yanatikisika. Nikasema, "Asante, Bibi," kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia, na nawaambia, kicheko cha ukumbi mzima sikukisikia uchungu kama nilivyosikia ile sifa.

Kisha akamwita Fredi apige magoti pia, akasema waliompandia mlima hawezi kuwarudisha hivihivi, akaweka mkono mmoja kwa huyu na mwingine kwa yule, akaanza upya tangu mwanzo. Alisema marefu kuliko yale ya video, kwa sauti ndogo ya watu wawili, mengine hatukuyasikia sisi tuliosimama pembeni wala hayakutuhusu. Upendo alilia mpaka akalowesha kifua cha Bibi. Hakukuwa na ua lililodondoka, hakukuwa na maandishi ya dhahabu, na sikuinua hata simu.

Walipokuwa wanaingia garini, Upendo akanikumbatia akaninong'oneza kwamba nitasamehewa taratibu, kwa mafungu, kama tunavyofanya sisi. Na Bibi, aliyekuwa anawapungia mkono, akapaza sauti kila mtu asikie: "Nakijwa, siku ya harusi yenyewe uiongezee mbio zaidi!"

Gari zima likaripuka kwa kicheko, mshenga akishikilia ubavu. Nikamwambia Bibi hapana, ninaapa mbele ya watu hawa, mashine yoyote nitakayoshika tena itakwenda kwa mwendo iliozaliwa nao, na mtu akitaka baraka za bibi yake nitamwelekeza njia ya kupandia mlima.